MREJESHO: lile grupu letu la viazi lililokuwa linakufa

Wakuu habari za jioni, mimi ndo yule wa Mbeya niliyeuliza mwezi wa pili kwamba grupu letu la WhatsApp la wakulima wa viazi mviringo limepoa, vijana wote wamehamia TikTok na Telegram, nifanyeje. Asanteni sana mlionijibu, hata yule aliyesema nilizike tu nimemsamehe.

Telegram nilifungua kama mlivyoshauri, maana kule grupu linabeba hadi watu 200,000 na WhatsApp mwisho 1,024, sema kwenye nafasi yote hiyo tulikaa sita 😂 wazee hawataki kupakua programu nyingine, simu zenyewe zimejaa, nikalifunga.

Kilichosaidia ni ule ushauri wenu wa kutuma voisi kwenye grupu la WhatsApp: kila asubuhi napita soko la Mwanjelwa narekodi bei ya gunia, na mvua ikikaza huko Umalila nawakumbusha kuangalia ugonjwa wa ukungu shambani, basi, watu wameanza kuulizana tena na kugombana kuhusu lumbesa (gunia linalojazwa kupita kipimo) kama zamani.

Vijana wa TikTok wamerudi wawili tu, na mmoja alikuja kutangaza simu anauza. Nimeacha kuwafuata.

Ndaga fijo (asanteni sana).