Mfumo unalipa wauzaji wa dagaa mara mbili kila giza linapoingia, na mtoa huduma anamlaumu karani

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni mhasibu katika kampuni inayonunua dagaa hapa Mwanza, kuanzia mialo ya Igombe hadi visiwa vya Ukerewe, na wauzaji wetu hulipwa kwa simu. Malipo hayo hayatumwi na mtu. Kila baada ya dakika 10 seva huamsha yenyewe kazi inayokusanya stakabadhi za mizani zilizoidhinishwa, kuandaa malipo na kuyatuma. Kazi hiyo imekuwa ikijiendesha mara mbili kwa wakati mmoja, muuzaji akapokea fedha za mzigo mmoja mara mbili, na kila tunapolalamika mtoa huduma aliyetuuzia mfumo huu hutujibu kwamba karani wetu amebonyeza kitufe mara mbili. Kitufe hicho hakipo.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, yaani usiku usio na mbalamwezi. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika na stakabadhi hupungua. Nilipoyapanga kwa tarehe malipo yaliyojirudia, karibu yote yaliangukia kwenye giza. Sababu yake ni kwamba stakabadhi zikijaa, kazi ambayo kwa kawaida humalizika ndani ya dakika chache huvuka dakika 10, na muda ukitimia cron, yaani programu inayoamsha kazi kwa ratiba katika mfumo endeshi wa Linux, huamsha nyingine bila kuuliza kama ile ya kwanza imemaliza, kwa kuwa haikuundwa kuuliza hivyo. Ya pili hukuta stakabadhi ambazo bado hazijawekewa alama ya kulipwa, nayo huzilipa. Ikiwa kosa ni la karani, naomba nielezwe kidole chake kinajuaje kwamba mwezi umezama.

Baada ya kuwabana sana, waliongeza kwenye kanzidata sehemu inayoandikwa "inaendelea" kazi inapoanza. Umeme ukakatika kazi ikiwa katikati, seva ikazimika, na ilipowaka neno hilo lilikuwa bado limeandikwa. Kwa hiyo kila kazi iliyofuata iliamini kwamba kuna nyingine inayoendelea, ikajiondokea. Usiku mzima hakuna aliyelipwa, na asubuhi wanawake wanaoanika dagaa walikuwa mlangoni kwetu, tena kwa haki yao. Mtoa huduma akaiondoa kinga yote, malipo pacha yakarudi, na wakatuandikia barua kwamba tatizo ni mtandao wa visiwani.

Hata bila umeme kukatika, kinga ile ilikuwa mbovu. Ilisoma kwanza kama kuna kazi inayoendelea, kisha ikaandika kwamba yenyewe imeanza. Kati ya kusoma na kuandika, kazi mbili zinaweza kusoma "hakuna" na zote zikaingia. Kufunga, yaani kazi moja kuzizuia nyingine zisiingie, ni lazima kuwe tendo moja lisilogawanyika. Katika Linux kuna flock, amri inayofunga kwa kutumia faili, ambayo kufuli lake huachiliwa na mfumo endeshi wenyewe kazi inapokufa, kwa hiyo hakuna neno linalobaki limeandikwa umeme unapokatika. Hata hivyo, faili la kufuli lililo kwenye mashine moja halionwi na nyingine, na sisi tuna seva mbili, kila moja ikiwa na ratiba ile ile (hili pia tuligundua wenyewe, hatukuambiwa). Kwa hali hiyo kufuli linapaswa kukaa kwenye kanzidata ambayo seva zote mbili zinaitumia. Yetu ni PostgreSQL, na ina kufuli la aina hiyo, linaloachiliwa muunganisho wa aliyelishika unapokatika. Hatudai jambo la ajabu: hata kipanga ratiba cha Windows, usipokigusa, hukataa kuanzisha kazi ambayo bado inaendelea.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba fedha zimeachwa zitegemee kufuli peke yake. Kila stakabadhi ina namba yake, na kanzidata ingeweza kuagizwa ikatae katakata kuandika malipo ya pili yenye namba ile ile, hata kama kazi kumi zingeanza kwa pamoja. Namba hiyo hiyo ingeambatana na ombi linalokwenda kwa kampuni ya simu, ili jibu likichelewa mfumo uulize kwanza hatima ya ombi la awali badala ya kutuma jipya. Mfumo wetu, jibu likichelewa, huhesabu kwamba malipo yameshindikana na kuyatuma tena kwa namba mpya.

Fedha zilizozidi tumezikata kwenye mizigo iliyofuata, na baadhi ya wauzaji wamehamia kwa wanunuzi wengine wakidai tunawadhulumu. Hasara hiyo mtoa huduma haitambui.

Kwa sasa tumezuia awamu ya mwisho ya malipo yao mpaka waifanye kazi ile ianze kwa wakati mmoja kwenye seva zote mbili mbele yetu, kisha waya wa umeme uchomolewe katikati ya kazi, na hesabu zitoke sawa. Wao wanasema jaribio la namna hiyo halimo kwenye mkataba. Aliyewahi kuingiza sharti kama hilo katika mkataba wa mfumo wa malipo anisaidie maneno aliyotumia, na kama aliwahi kurudishiwa fedha zilizolipwa mara mbili, aeleze alizidai kwa njia gani.