Hichi kitu cha mawe na milango iliyooza msituni Uingereza kinafanyaje kazi?

mwana_wa_langoni
Assalam aleikum nduzangu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya maji, maji ya bara lakini, si ya bahari. Dadangu yuko Uingereza, ni nesi upande wa Gloucester, juzi kaenda kutembea na wenzake wa kazini wakapita bonde moja lina msitu, kutoka pahali paitwa Chalford kupanda mpaka Sapperton, akanirushia rundo la picha WhatsApp. Kuna shimo refu la mawe, kuta zimesimama wima zimejengwa vizuri mashallah, lakini ndani mmeota miti mikubwa na chini ni tope na majani tu. Huku mwisho kuna vipande vya mbao nyeusi vimeshikilia kwenye chuma, ati huo ulikuwa mlango. Yeye kaambiwa tu ni loki ya mfereji wa zamani, boti zilikuwa zinapanda mlima kwa hiyo.

Sasa mimi babangu nahodha na babu pia nahodha, boti kupanda mlima ndo nasikia yeo. Inapandaje? Halafu kwenye kona za mawe kuna mifuo laini, imeingia ndani ya jiwe kidole kizima, nani kachonga na ya nini? Na shimo moja ndani yake kuna tao jengine limejengwa baadaye, waziwazi si la ujenzi wa kwanza, yani ni kama fundi aliamua kulipunguza. Na la mwisho, mbona wameacha kitu kama hichi kioze bure, sisi tungekuwa nacho pale Mkanda, ule mkondo wetu wa mashua huku Lamu, si tungeacha kungojea maji yajae?

bahari_mia
Waaleikum salam. Nimekaa Reading muda, nyuma ya nyumba palikuwa na mfereji unaofanya kazi mpaka leo, kwa hiyo hizi loki nimezisukuma kwa mgongo wangu.

Ni chumba cha maji chenye milango mbele na nyuma, basi. Boti ikitoka chini inaingia, unafunga nyuma yake, halafu una mkono wa chuma unazungusha unafungua kilango kidogo kilicho chini ya maji, maji ya upande wa juu yanaingia yenyewe, hamna pampu hamna injini, boti inainuka pole pole mpaka maji ya ndani yalingane na ya juu, hapo ndo mlango wa mbele unakubali. Yasipolingana hata mje kijiji kizima kusukuma haufunguki. Na uangalie milango yenyewe, haifungi ikanyooka, mabawa mawili yanakutana kwa pembe iliyoelekea kwenye maji ya juu, kwa hiyo maji yakizidi kusukuma ndo yanazidi kuibana. Hakuna kitasa wala komeo. Mimi hapo nilivua kofia.

Huo wa dadako ni mfereji wa Thames na Severn, ulifunguliwa 1789 kuunganisha mito hiyo miwili. Kutoka Stroud boti ilipanda loki 28 mpaka kileleni, karibu mita 110 juu ya bahari, ikapita handaki la Sapperton ndani ya mlima kama kilomita 3 na nusu, halafu ikashuka loki 16 mpaka mto Thames. Jumla 44. Farasi anavuta kwa kamba pembeni, ndani ya handaki hamna njia ya farasi kwa hiyo watu walilala chali wakasukuma ukuta kwa miguu.

Mifuo kwenye kona hakuchonga mtu, ni kamba hizo. Kamba imelowa, imeshika mchanga, inasugua jiwe lile lile miaka na miaka. Nenda kisima chochote cha zamani hapo Lamu utazame ukingo wake, ni kazi hiyo hiyo.

mwana_wa_langoni
Wallahi kisima cha msikitini kwetu kina mifuo hiyo hiyo! Sawa, na tao la ndani?

bahari_mia
Maji. Kila boti ikipita inashuka na chumba kizima cha maji, hayarudi juu tena. Loki nyembamba ya kawaida ya Uingereza inakula zaidi ya lita laki moja kwa mpito mmoja, na hizo za bonde hilo zilikuwa kubwa kuliko hivyo. Kwa hiyo wakazifupisha, wakajenga tao ndani ya chumba wakausogeza mlango wa juu uingie ndani zaidi, chumba kikawa kidogo, maji yakapungua yanayopotea. Ukiona hivyo jua ni watu waliokuwa na shida kweli, huwezi kubomoa kazi ya mawe ya namna hiyo kwa raha.

Na shida yenyewe ilikuwa kileleni. Kule juu mwamba ni wa chokaa, umejaa nyufa. Mfereji walikuwa wanaupaka udongo wa mfinyanzi uliokandwa na maji usivuje, lakini chemchemi zilizo chini zikijaa wakati wa mvua zinausukuma ule udongo kutoka chini unapasuka, kiangazi kikija maji yanazama kwenye nyufa hizo hizo. Wameziba weee. Halafu 1845 reli ikapita bonde lile lile, treni haingojei maji yajae chumba, nani tena atapakia makaa yake kwenye boti. Sehemu ya mashariki pamoja na handaki iliachwa rasmi 1927, iliyobaki 1933.

Fundi_Matondoni
Nimesoma yote, mimi naulizia mbao. Mti gani na wanakalafati na nini?

bahari_mia
Mwaloni, fundi. Hawakalafati kama sisi na pamba na sifa. Wanachonga mbichi wanaunganisha na vyuma, ikikaa majini inavimba inajibana, na bado inavuja, kila loki niliyoona Uingereza mlango unatiririsha maji na hakuna anayeshtuka. Umri wake kama miaka 25 halafu unaundwa mwengine, unaletwa na kreni maana uzito ni tani kadhaa.

Fundi_Matondoni
Miaka 25 si mibaya kwa kitu ambacho hakipandishwi pwani. Jahazi linadumu kwa sababu tunalitoa majini, tunalikwangua, tunalipaka deheni, huo mlango umezama mchana na usiku na jua linaupiga nusu ya juu. Muulize dadako hizo mbao zilizobaki ni za chini au za juu. Mimi naapa ni za chini. Mti uliozama wakati wote au uliofunikwa na tope hauozi upesi, unaooza ni ule unaopata maji na jua kwa zamu, hata boriti za gati tazama, zinakatika pale pale maji yanapopanda na kushuka, chini nguzo nzima bado.

mwana_wa_langoni
Nimemuuliza. Za chini! Juu hamna kitu, ni chuma tupu kimepinda.

Kipungani_kwetu
Fundi hakosei. Sasa mimi nijibu la Mkanda maana wengine wameliruka. Ndugu yangu, loki haikusaidii Mkanda hata kidogo. Loki inatibu mlima, yani maji ya huku yako juu na ya kule yako chini saa zote. Mkanda maji yanaingia kutoka pande mbili na yanatoka pande mbili, bamvua yanapanda kama mita tatu halafu yanakauka tena, shida yako ni tope na kina, si mwinuko. Dawa yake ni kuchimba na walichimba. Ukiweka milango pale utafunga maji ya mikoko, na mikoko ikifa samaki wako wapi? Na foleni je? Chumba kimoja, mashua za Faza, za Siyu, za Kizingitini zote zinangoja kuingia kwa zamu, ngumi zingepigwa kabla ya adhuhuri.

mwana_wa_langoni
Hiyo ya mikoko nakubali lakini foleni hata sasa ipo tu bwana, maji mafu ukiwa na boti nzito unakaa.

Kipungani_kwetu
Kaa. Ukitaka kuona mfereji wa kwetu uliohitaji milango kwelikweli nenda Belezoni, huko delta ya Tana. Ulichimbwa karne ya 19 enzi za masultani wa Witu, kuunganisha mto Tana na mto Ozi, mtu ashuke na mzigo wake mpaka Kau na Kipini asitoke nje baharini. Hawakuweka loki wala kizuizi chochote. Mto Tana ukaonja njia ya mkato ukaipenda, ukaendelea kuupanua mfereji wenyewe mpaka maji yote yakahamia huko, yeo Tana unamwagika Kipini na mdomo wake wa zamani uko kusini huko umebaki na maji ya chumvi. Watu walichimba mtaro wa mitumbwi wakaambulia mto mzima. Wenzetu wa Stroud wao maji yaliwakimbia, sisi yalitufuata.

dada_mkomani
Kumbe! Na huo wa Uingereza ndo umekufa kabisa?

bahari_mia
Haujafa wote. Kuna chama cha wa kujitolea, Cotswold Canals Trust, wanaufufua kidogo kidogo, kule chini Stroud loki kadhaa zinafanya kazi tena. Wazee wastaafu wamevaa mabuti wanachimba tope wikendi, na hawalipwi. Lakini sehemu aliyopita dadako ya msituni bado, na handaki lina mahali limeporomoka ndani, hiyo ni pesa nyingi sana. Mimi kwa maoni yangu handaki waliache, loki wafufue.

mwana_wa_langoni
Ahsanteni sana. Belezoni nafikaje, kuna njia ya boda kutoka Witu?

Kipungani_kwetu
Usihangaike na boda, shuka mpaka Kipini utafute mwenye boti wa Ozi akupandishe Kau kisha mbele. Enda na mwenyeji, na mkono usiutumbukize majini, viboko na mamba hawajahama.