Nikitoka shifti ya usiku nasoma riwaya za mapenzi na kulima shamba la kwenye simu, mume anasema napoteza muda. Nyie wenzangu mnafanyaje?

nesi_wa_usiku

Habari zenu wanajukwaa, poleni na majukumu. Naomba nililete hili hapa maana nyumbani nimejitahidi kulielezea halieleweki.

Mi ni nesi, nipo wodi ya wazazi, miaka 31, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa miaka minne. Zamu ya usiku naingia saa mbili usiku natoka saa mbili asubuhi. Nikifika nyumbani nikioga nikanywa chai silali hapohapo, mwili umekwisha ila kichwa bado kinazunguka wodini, yule alitoka damu nyingi, yule mtoto wake alichelewa kulia, nilijaza faili sawasawa au nilisahau. Sasa vitu vinavyonituliza ni viwili tu.

Cha kwanza ni riwaya za mapenzi. Nipo kwenye magrupu mawili ya WhatsApp, mtunzi anatupia kipande kila siku, sehemu ya 14 inaishia mlango unagongwa, binti anauliza nani, afu chini imeandikwa ITAENDELEA kwa herufi kubwa. Ukitaka yote kwa pamoja unatuma 2,000 kwenye namba yake anakutumia faili zima. Nanunua, kwa kweli, na sijawahi kuijutia hiyo pesa.

Cha pili ni gemu, Stardew Valley. Kwa asiyeijua: babu yako amekuachia shamba, umeacha kazi ya ofisini mjini, unahamia kijijini unakuta shamba ni magugu, visiki na mawe matupu. Mkuu wa kijiji anakupa mbegu 15 za mzizi mweupe unaofanana na karoti, basi unaanza hapo. Unalima, unamwagilia, unavua samaki, unafuga kuku, na unaishi na wanakijiji mpaka wanakuzoea. Unaweza na kuchumbia. Mi namchumbia Shane. Ni mwanakijiji mmoja mule, anafanya kazi kwenye duka la kampuni kubwa, jioni yuko baa, siku za mwanzo nikimsalimia ananijibu hovyo kabisa. Ila anapenda pilipili, na pilipili zinaota kiangazi, nikapanda mstari mzima kwa ajili yake nikawa nampelekea mbili kwa wiki maana ndo mwisho unaoruhusiwa. Pole pole akaanza kuongea. Ukafika usiku mmoja namkuta kalewa kwenye ukingo wa genge mvua inanyesha, anasema hataki tena kuishi. Nililia jamani, nilishawahi kukaa na mgonjwa wa hivyo saa tisa usiku. Baada ya pale akaanza kwenda kwa mshauri. Nilifurahi kama ndugu yangu kapona.

Juzi mume wangu kanikuta nacheka na simu akaniambia, mtu mzima unalima shamba la uongo na la mama yako Kilosa limejaa majani. Iliniuma, kwa sababu la Kilosa tulilima. Ekari mbili za mahindi, mvua ikakata wiki ya tatu, mahindi yakanyauka yakiwa magotini na pesa ya trekta ikaenda. Kwenye gemu ukiwasha tivii inakwambia kesho mvua, na kesho yake inanyesha kweli. Sijui kama mnanielewa.

Swali langu: nyie mnaosoma hizi riwaya au kucheza gemu za kuigiza maisha mnapangaje muda, na wenzenu nyumbani mliwaelezaje?

Mama Wawili Moro

Mwanangu pole na kazi. Wodi ya wazazi siyo mahali pa mchezo, mi nimezalia humo mara mbili nawajua mnavyokimbia.

Nikuambie, hii siyo ya kizazi chenu. Mi nilisoma bweni miaka ya themanini na tulikuwa na Mills & Boon, vile vitabu vya mapenzi vya Kiingereza, zinazunguka bweni zima. Kitabu kimoja wasichana arobaini, kimevalishwa karatasi ya kaki kama daftari la Jiografia, jina la anayefuata linaandikwa kwa penseli nyuma ya jalada. Ukishikwa nacho prepo unapiga magoti. Kurasa hazifiki 200, ukikianza Jumamosi baada ya kufua, Jumapili jioni umemaliza. Kiingereza changu chote kimetoka mule, mwalimu alikuwa anashangaa insha zangu zina maneno ambayo hajatufundisha. Baadaye nikaja kujua ile kampuni ni ya London ya tangu 1908, na mwanzoni walikuwa wanachapa vitabu vya kila aina, mapenzi yakaja kuwabeba baadaye. Wenzao wa Canada walioanza 1949, Harlequin, ndo wakaja kuwanunua 1971. Kwa hiyo mtu akikwambia ni upuuzi wa wasichana wa siku hizi mwambie wasichana hao wengine sa hizi ni mabibi.

Mpaka leo nikishuka Dar napita Samora pale kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandika chini, nachambua taratibu, narudi Moro na vitatu vinne kwenye mkoba.

Sasa habari ya mume. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori, anapeleka mzigo Tunduma, akirudi ana siku mbili za kukaa na mimi nimezama kwenye kitabu. Alinuna sana mwaka wa kwanza. Nilichofanya nilianza kumsomea. Anakula, mi nakaa pembeni namtafsiria kwa Kiswahili ukurasa mmoja miwili, nikifika pazuri nafunga kitabu naenda kuosha vyombo. Wiki ya pili akipiga simu ya mezani kutoka Mbeya swali la kwanza hali za watoto, la pili, yule daktari keshamwambia yule binti ukweli au bado? Kumbe hakuwa anachukia vitabu, kilichokuwa kinamuuma ni kuniona nacheka na kitu asichokijua. Mjaribu na wako hivyo.

Kapuku_wa_Tabata

Dada sina neno na riwaya. Ila kwenye gemu naomba niseme kwa nia njema kabisa, kwa sababu hiyohiyo unayoicheza nimeicheza. Siku moja ya mule ndani ukiipeleka mpaka mwisho ni dakika kama 14 za huku kwetu. Na inataka ulale kitandani ndo siku ifungwe vizuri na pesa ya mazao ihesabiwe. Sasa ukiamka asubuhi unaona mazao yameiva, huwezi kuyaacha, unasema siku moja tu ya mwisho, ikiisha unaona kuku kataga, siku moja tu. Mi nilikuwa na mtihani wa bodi ya uhasibu, nikajikuta adhana ya alfajiri inalia na kitabu sijakifungua. Mtihani ule nilirudia.

Sikwambii uache. Nakwambia jihesabie siku. Mi sa hivi nacheza siku mbili, nusu saa hivi, na alamu naweka kwenye simu nyingine ambayo naiacha chumba cha pili ili ninyanyuke kuizima. Na we unatoka zamu ya masaa kumi na mbili, usingizi wako una wagonjwa nyuma yake.

suka_wa_simu

Mkuu Kapuku umeongea la maana ila mi nataka kumtetea dada kidogo.

Mimi ni wa gemu za mabasi. Bus Simulator Indonesia, ile ya Maleo iliyotoka 2017, kila kijana mtaani kwetu anayo kwenye simu. Ilivyopendeza huku ni kwamba inakuruhusu kuweka skini yako mwenyewe, yaani rangi na michoro ya basi, kwa hiyo vijana wa hapahapa wanachora mabasi yetu ya mikoani, rangi zilezile, maandishi yaleyale ya kioo cha nyuma mpaka honi. Barabara ni za Indonesia, ndiyo, ila basi ni la nyumbani.

Mzee wangu ameendesha mabasi ya Dar na Mbeya miaka 26. Macho yakaanza kuzingua, sukari, leseni haikuendelea, akawa anakaa tu barazani haongei, redio inaongea yenyewe. Siku moja nacheza pembeni yake anasikia honi akageuka. Akasogeza kiti, akainamia simu mpaka pua inakaribia kioo. Nipo kwenye mteremko nashuka kasi akanishika bega akasema, we, hii ni Kitonga hii, shusha gia acha kukanyaga breki, breki zitachemka uue watu. Nikashusha. Akaniambia tena, basi likiwa limejaa usikate kona kama umebeba mahindi. Tangu siku hiyo kila jioni baada ya swala ya magharibi ananiita, njoo tuondoke. Hachezi yeye, anakaa kushoto kama kondakta ananielekeza, na humo katikati ananipa stori za 1998 za mvua ya El Niño, barabara ilikatika wakalala porini siku tatu, abiria wakapika ugali kwa sufuria moja. Miaka yote hizo stori sikuwahi kuzisikia, alikuwa harudi nyumbani mapema au akirudi analala.

Ndo maana mtu akisema gemu linapoteza muda huwa namuuliza anaongelea muda upi.

tausi_tanga

Dada nesi hujambo. Mi ni wa The Sims, gemu la kuendesha maisha ya watu nyumbani kwao, nimeanza nikiwa chuo kwenye kompyuta ya kaka. Ulivyosema habari ya shamba la Kilosa umenikumbusha jinsi ilivyoanza. Aliyeitunga, Will Wright, nyumba yake iliungua kwenye moto mkubwa wa Oakland kule Marekani 1991, ikabidi aanze kununua kila kitu upya, sufuria, kitanda, shuka, na katika kuwaza mtu anahitaji nini kwanza na nini baadaye ndo wazo likamjia la gemu la watu wa kwenye nyumba. Likatoka 2000. Yaani limetoka kwa mtu aliyebaki na vya kuanzia tu.

Mi naona ndo maana sisi wasomaji wa mapenzi tunaangukia humuhumu. Kwenye riwaya najua watapatana, hata mama mkwe afanye vituko vya namna gani. Kwenye gemu najua nikimwagilia litaota. Nyumbani kwangu nimetunza ndoa miaka sita haikuota. Nikitaka kulala nahitaji mahali pamoja ambapo nikimwaga maji naona jani.

Halafu Sims 4 ile ya msingi ni bure tangu Oktoba 2022, ila inataka kompyuta yenye nafasi, na vile vya kuongezea bei zake zimechangamka.

nesi_wa_usiku

Jamani nimesoma zote asanteni sana, Tausi nakukumbatia mdogo wangu.

Mama Wawili nilikusikia. Jana nilikuwa ofu, wakati anakula nikaanza kumsomea sehemu ya 1, ile ya binti wa mama ntilie na fundi jenereta. Kimya. Sehemu ya 2 akaniambia huyo fundi muongo, jenereta haliharibiki hivyo, atakuwa amechomoa plagi makusudi ili arudi kesho. Nikafunga simu nikaenda jikoni. Akanifuata mpaka jikoni, lete tumalizie. Tumefika ya 9, na kweli alikuwa amechomoa.

Kapuku nimekuelewa, alamu nimeweka, siku mbili tu, na simu nyingine ipo kabatini kwa mtoto.

Mzee wa suka mpe shikamoo yangu, mwambie na vidonda vya miguu avikague kila jioni kwa kioo kidogo, wagonjwa wa sukari wengi wanavigundua vimeshachelewa.

Shamba la Kilosa tumeongea vizuri kwa mara ya kwanza bila kulaumiana. Msimu ujao anataka tujaribu mtama nusu ekari badala ya mahindi yote, hauyumbishwi na ukame kama mahindi. Nilishamwambia mwaka jana ila jana ndo kasikia.

Sasa nina swali la mwisho. Shane ameshafika mioyo kumi, ndo kipimo cha urafiki mule kwenye gemu, shada la maua nilimpa zamani. Naambiwa kuna kidani cha kumchumbia kinauzwa ufukweni, nimeenda mara tatu simuoni muuzaji. Anatoka saa ngapi?

Kapuku_wa_Tabata

Anafuata mvua. Angalia tivii usiku, ikisema kesho mvua ndo uende, masika, kiangazi au vuli, kipupwe hatoki. Yuko upande wa mashariki wa ufukwe ng'ambo ya lile daraja bovu, kwa hiyo andaa mbao 300 za kulitengeneza kabla. Na nyumba uwe umeiongeza angalau mara moja. Kidani ni dhahabu 5,000, usizimalizie kwenye mbegu.