Tupeane uzoefu: kupanda na kushuka boti ndogo gatini

Wadau, salaam. Boti ikizama habari husambaa nchi nzima, lakini aliyebanwa vidole kati ya boti na ukuta wa gati hakuna anayemtaja. Tuizungumzie ile hatua moja ya kuvuka kutoka botini hadi gatini.

Mimi ni wa Amu (Lamu), navuka kwenda Mokowe, upande wa bara, na mama yangu ambaye magoti yamechoka. Kwetu siku za bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kupwa sana, maji yakijaa boti inakuwa sawa na gati, anavuka kama anavuka kizingiti. Yakipwa, boti iko chini mita 3 hivi, na vidato vya chini vimejaa ukoga. Kwa hiyo safari ya mama naipanga kwa maji. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndipo kuna bamvua, na saa ya maji kujaa husogea karibu dakika 50 kila siku, basi leo ikiwa saa nne, kesho usiende saa nne ile ile. Maji mafu ndiyo raha, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Nyinyi mnafanyaje?

Baharia wa Mkokotoni:
Nimepokea abiria miaka mingi, boti za kwenda kisiwa cha Tumbatu, huku Zanzibar. Kinachowaangusha ni kukanyaga ukingo. Uzito wako wote ukikaa ubavuni, boti inalala na papo hapo inajisukuma mbali na gati, mguu mmoja huku, mwingine kule. Kanyaga katikati, chini, kisha kaa. Ukishuka, tazama wimbi: boti hupanda, hutulia kidogo, hushuka. Toka inapotulia juu, si inapopanda. Na usinipe vidole, vinateleza. Nishike kifundo cha mkono, nami nishike chako. Tena ngoja kamba zote mbili zifungwe. Ikifungwa ya omo (mbele) peke yake, tezi (nyuma) huenda nje na pengo linafunguka mtu akiwa keshainua mguu. Mkono wako usiuweke kabisa kati ya boti na gati, hata kuizuia isigonge. Boti yenye watu haizuiliki kwa kiganja.

Mama wa Kigoma:
Sisi wa Ziwa Tanganyika maji kupwa hatuyajui, shida yetu ni kukosa gati. Liemba, ile meli iliyojengwa Ujerumani 1913, ilipokuwa ikitembea, vijiji vingi ilisimama majini na mitumbwi ikaizunguka, mnapandia mlango wa ubavuni. Mitumbwi inagongana, kila mmoja anataka wa kwake apande kwanza. Mume wangu alitangulia, nikampa mtoto, nikafuata, mzigo mwisho. Wenye kutanguliza magunia wanajitafutia: gunia likipokelewa juu, mtumbwi unasogea na mwenyewe anabaki akining'inia.

Dada wa Kasenyi:
Huku Uganda, ufukwe wa Kasenyi, vijana hukubeba mabegani mpaka kwenye boti ili usilowe. Patana bei kabla hajakuinua, na simu isikae mfuko wa nyuma.

Umm Salma:
Wenzangu wenye buibui: likiwa refu, wa nyuma yako ndiye atakayelikanyaga. Nalikusanya kwa mkono wa kushoto, pochi naivaa kifuani, wa kulia unabaki mtupu wa kushikia. Nanyi kina baba, msituharakishe "haya dada, haya dada" huku boti bado inayumba!

Mwenye mada:
Ahsanteni sana. Niongeze la jaketi la kuokolea maisha: wengi huvaa wakishakaa, na huvua wakiona gati limekaribia. Kuanguka kwenyewe ni pale pale gatini. Livae ukiwa bado nchi kavu, ulivue ukishakanyaga nchi kavu.

Nina swali pia. Jirani yetu ni mzee wa kiti cha magurudumu, anatakiwa hospitali wiki hii na wanawe wanataka kumshusha akiwa juu ya kiti chake. Baharia, wasemaje?

Baharia wa Mkokotoni:
Hapana, ndugu yangu. Kiti kikiteleza kinaondoka naye. Atangulie mzee, watu wawili wa kumtoa gatini na wawili wa kumpokea botini, wamkalishe chini katikati. Kiti kikunjwe kifuate. Mwiteni nahodha mapema, mkodi boti nzima, na msubiri maji yajae hata kama daktari amesema asubuhi. Mpigieni mumweleze.