Kijana wangu kamezwa na simu, hata gengeni hawezi kwenda. Naombeni ushauri

Mama_Wawili:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.
Nina kijana wa miaka 17, kamaliza kidato cha nne Novemba, anasubiri matokeo. Tangu mtihani uishe ni yeye na simu. Wageni wakija anawaamkia macho yakiwa kwenye kioo cha simu. Juzi nimemtuma nyanya za elfu moja, kasimama gengeni bila kusema neno mpaka mwenye genge akanipigia, "Mama, huyu mtoto wako anataka nini?" Daladala hajawahi kupanda peke yake. Nikimnyang'anya simu hali. Nifanyeje? Lugha nzuri tafadhali.

Mzee wa Kijiwe:
Umri huo mimi baba alinipandisha treni Tabora na madebe mawili ya asali nikauze Dar, peke yangu. Likafika moja. La pili mpaka anaingia kaburini sikumwambia lilipoishia.

ChaliiMpole:
Mpeleke JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Miezi mitatu tu anarudi mtu.

Kapuku01:
@ChaliiMpole kwa mujibu wa sheria ni waliomaliza kidato cha sita. Wa kidato cha nne wanajitolea. Sasa mtu anayeogopa nyanya atajitolea kwata?

Bi Mkubwa Tanga:
Dada, miaka 17 hajapanda daladala, nani alimkataza? Mtoto hutumwa tangu mdogo, apotee, arudi analia, kesho atumwe tena. Nyie mnafungia watoto geti halafu mnasingizia simu.

FundiLaini:
Swali dogo. Miaka 17 hana namba ya NIDA, na laini inasajiliwa kwa alama za vidole. Hiyo laini ya nani? Bando ananunua nani?

Mama_Wawili:
Laini yangu. Bando naweka mimi. Ila tatizo siyo bando.

FundiLaini:
Unaweka kwa nini, na simu ndiyo adui?

ChaliiMpole:
Nimevuta kiti.

Mama_Wawili:
Haya. Nauza vitenge. Oda zote zinaingia WhatsApp na yeye ndiye anajibu wateja, anapiga picha mzigo, anamwelekeza bodaboda mpaka mlangoni kwa mteja. Mimi macho yananisumbua, herufi sizioni vizuri. Alianza akiwa kidato cha pili. Lakini hiyo ni kazi, mimi nasemea muda mwingine.

Kapuku01:
Kumbe! Anashindana na akina mama wa "nipunguzie basi" kutwa nzima, halafu hajui kuongea na watu? Huyo mpe mtaji.

Mama_Wawili:
Anaandika, haongei. Mteja akipiga, simu ananiletea mimi mkono unatetemeka. Na hata hivyo tiketi nimeshakata, Jumamosi anakwenda Makete kwa mjomba wake akalime viazi. Bila simu. Mjomba keshakubali.

Bi Mkubwa Tanga:
Sasa umekuja kuomba ushauri au kuomba tuseme amina? Na mwenyewe kaambiwa?

Mama_Wawili:
Mimi ndiye mzazi, najua ninachofanya. Makete hakuna anayekufa.

Mpelelezi Huru:
Naomba niwaharibie. Hii chai, tena haina hata tangawizi. Leo tuko Machi, matokeo ya kidato cha nne yalitoka Januari. Anasubiri matokeo gani?

Mama_Wawili:
Nimekosea kusema. Anasubiri kupangiwa shule, kidato cha tano kinaanza Julai. Ana daraja la pili.

Mpelelezi Huru:
Sawa. Na mama asiyeona herufi anajibu ndani ya dakika mbili, nukta na mkato kila kimoja mahali pake? Nani anaandika hapa?

ChaliiMpole:
Duh.

Kapuku01:
Mbona kimya? Dakika kumi sasa.

Mama_Wawili:
Anaandika yeye. Mimi nasema, yeye anaandika, kama tunavyofanya kwa wateja.

Bi Mkubwa Tanga:
Yaani hiyo ya Makete kaijulia humu?

Mama_Wawili:
Ndiyo. Kaandika yote, hajaruka neno. Kisha kaniuliza huko kuna baridi kiasi gani.

Mpelelezi Huru:
Bado nasema chai.

Mzee wa Kijiwe:
Baridi ipo, abebe masweta mawili. Na mzigo wowote akipewa asiuweke chini ya siti akalala.