Nyumba ya urithi Mji Mkongwe: tumwendee nani kwanza?

Mjukuu wa Kiponda aliuliza:

Assalamu alaykum. Sisi ni ndugu sita tuliorithi nyumba ya ghorofa mbili katika mtaa wa Kiponda, Unguja. Ukuta wa nyuma umefanya ufa unaopitisha vidole, na lipu ya saruji aliyoipiga fundi mwaka juzi inabanduka vipande vipande huku ukuta ukitoa chumvi. Kaka yangu mkubwa anashikilia kwamba, kwa kuwa Mji Mkongwe uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, ni UNESCO inayopaswa kuitengeneza nyumba. Naomba kuelimishwa: ni taasisi gani inahusika, na kwa lipi?

Fundi wa Chokaa alijibu:

Waalaykum salaam. Kaka yako, kwa heshima zote, amekosea. UNESCO haitengenezi nyumba ya mtu. Kuingizwa katika orodha ni dhima inayobebwa na serikali, na mwenye nyumba hubaki na nyumba yake na gharama zake. Mlango wa kugonga ni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, kwa sababu huko ndiko kunakoombwa kibali cha ujenzi. Waiteni waukague ufa kabla hamjagusa jiwe hata moja.

Kuhusu lipu, hilo nililitarajia. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo. Zinavuta maji na kuyatoa, na chokaa huyaacha yapite. Saruji huyafungia ndani, na unyevu ukikosa pa kutokea huzifuata ncha za boriti zilizozama ukutani. Hapo ndipo zinapooza pasipo mtu kuziona, sakafu inalegea, na ukuta uliokuwa umeshikwa na sakafu hiyo unaanza kutoka nje. Si ajabu ufa wenu ukawa na chanzo hicho.

Mkaazi wa Lamu alijibu:

Huku kwetu, mji ulioorodheshwa mwaka 2001, usimamizi uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ila kanuni ni ile ile: mwenye nyumba ndiye anayetengeneza. Orodha si bure hata hivyo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliorodheshwa mwaka 1981, yakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya uhifadhi. Lakini hayo ni magofu, hayana warithi sita wa kukubaliana.

Maalim wa Hurumzi alijibu:

Nakuombeni kwanza mzikague hati. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu (zilizofungwa kwa ajili ya dini au hisani, zisirithiwe), nyingine ziliingia mikononi mwa serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na ninazijua familia zilizoamini zimerithi nyumba kumbe zilikuwa zikikaa tu. Ikiwa ni wakfu, jambo hili litapitia Kamisheni ya Wakfu.

Vilevile msitegemee kwamba umaarufu wa mji utaushika ukuta. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1883, halikuwa na upungufu wa sifa, na lilikuwa katika matengenezo yaliyofadhiliwa na Oman lilipoporomoka sehemu tarehe 25 Disemba 2020, watu wawili wakapoteza maisha. Ufa unaopitisha vidole si wa kujadiliwa mpaka mwakani. Wanaolala chumba cha nyuma wahamishwe leo.

Mjukuu wa Kiponda:

Nakushukuruni. Chumba tumekihama, na hati inatafutwa. Je, lipu ya saruji tuibandue sasa?

Fundi wa Chokaa:

Bado. Ukuta uliokwisha pasuka haupigwi nyundo kabla ya kuegemezwa nguzo, na kazi hiyo ifanywe baada ya ukaguzi. Kwa sasa pandeni juu mkatazame paa na mifereji ya mvua, kwani katika nyumba nilizotengeneza, maji yaliyoharibu ukuta wa chini mara nyingi yaliingilia juu. Likiwapo bati lililotoboka, litengenezeni kabla ya masika. Lipu ya chokaa itasubiri mpaka ukuta ukauke.