Alisema ndiyo kule Point Lenana, lakini hakuwa tayari. Naomba ushauri
Habari zenu ndugu zangu. Niko Nairobi, na nimebeba jambo zito.

Mwezi uliopita tulipanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Tulitoka kambi ya Shipton saa tisa usiku, baridi inakata masikio, tukafika Point Lenana, mita 4,985, jua likichomoza. Hapo rafiki yangu akapiga goti mbele ya mpenzi wake, pete mkononi, vidole vikitetemeka. Binti akasema ndiyo. Tulilia sote, hata mwongozaji wetu.

Lakini mimi nilimwona yule dada. Kichwa kilimuuma tangu kambini na alikuwa ametapika. Kwa kweli tulipaswa kumshusha mapema. Kule juu hewa ni nyepesi, hata jina lako unalitamka ukihema. Juzi tukinywa chai mjini akaniambia alikubali kwa sababu sote tulikuwa tunamtazama, simu zinarekodi. Anampenda, ila ndoa bado. Akaniomba nisiseme.

Sasa wazee wa kijana wanajiandaa kwenda kwao kujitambulisha. Huyu kijana ni kama ndugu yangu, tumekulia mtaa wa Umoja pamoja. Nimwambie? Au nimsihi dada aseme mwenyewe kabla wazee hawajafunga safari, na nianzeje? Mliooa na mlioolewa, nisaidieni.